“Soon” Ni Lini Hasa?

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa sebuleni kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, namsubiri mwanafunzi wangu amalize zamu. Meza ya pili alikaa mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, mabegi yake mawili yameshafungwa, anangoja gari la kumpeleka KIA kupanda ndege. Dada wa mapokezi akamsogelea, akamwambia kwa upole, “The car is coming soon.” Mama akauliza, “How soon?” Dada akatabasamu, akajibu, “Yes, soon.”

Mama akatazama saa ya mkononi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena vilevile. Jibu likawa lilelile. Wote wawili walikuwa na nia njema, na bado neno moja la herufi nne lilisimama katikati yao kama ukuta. Mgeni alikuwa anaomba kipimo: ni dakika ngapi kutoka sasa? Dada alisikia swali jingine kabisa, kwamba mama ana wasiwasi kama gari kweli linakuja, akawa anamthibitishia. Kichwani mwake sentensi ilianza kwa Kiswahili, “gari linakuja sasa hivi”, na kwa Kiswahili chetu hayo ni maneno ya kumtuliza mtu. Saa hayataji.

Nafundisha Kiingereza cha kazini, madarasa ya jioni. Wanaokuja ni waongoza watalii, madereva, vijana wa hoteli, na wapagazi, ambao wenyewe mlimani huitana wagumu. Wengi hudhani kazi ngumu itakuwa majina ya ndege, miti na miamba. Hayo wanayameza kwa wiki mbili. Kinachotukalisha darasani mpaka taa za barabarani ziwake ni maneno madogo ya wakati, na katika hayo hakuna linalosumbua kuliko “soon”.

Sababu ya kwanza ni kwamba neno hili halina urefu wake lenyewe. Linaazima urefu kutoka kwenye jambo linalozungumzwa. Chukua meza ya chakula kambi ya Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, jioni, baridi imeanza kuuma vidole. Mpishi anapita akisema supu itakuwa tayari “soon”. Hapo kila mtu anajua ni dakika kumi, labda robo saa. Mgeni aliyekaa mezani hapohapo anaitazama Kibo, kilele cha mlima huo, na kusema ile barafu ya juu “will soon be gone”. Barafu iliyopimwa mwaka 1912 imeshapotea zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo mgeni hajakosea, ila “soon” yake ni ya miaka, pengine miongo. Meza moja, neno moja; kwa mpishi ni muda wa maji kuchemka, kwa mgeni ni muda wa mtoto kuwa mtu mzima. Hakuna aliyedanganya. Anayezungumza Kiingereza tangu utotoni hufanya hesabu hiyo bila kujua kwamba anaifanya: jambo la namna hii kwa kawaida huchukua muda gani? Basi “soon” ni chini ya hapo.

Ndiyo maana nawakataza wanafunzi wangu kuandika kwenye daftari kwamba “soon” maana yake ni sasa hivi, nukta. Ukiandika hivyo umejifungia.

Ajabu ni kwamba zamani ingekuwa sahihi. Katika Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu iliyopita, neno hili lilikuwa “sona”, na maana yake ilikuwa papo hapo, bila kuchelewa. Mtu akiitwa na akaja “sona”, amekuja pale pale. Kadiri karne zilivyokwenda, likalegea. Watu walikuwa wakisema papo hapo halafu wanachukua muda kidogo, na kwa vile wasikilizaji si wajinga, wakaanza kulisikia neno kwa jinsi linavyotendwa. Papo hapo ikawa baada ya muda mfupi.

Yakaja maneno mengine kuziba pengo, nayo yakaenda njia hiyohiyo moja baada ya jingine. “Anon” lilitokana na maneno mawili ya kale yenye maana ya “katika moja”, yaani kwa mkupuo mmoja, mara moja. Likalegea. Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, ana kijana mhudumu wa baa anayeitwa kutoka chumba cha pili huku amekamatwa na mazungumzo chumba hiki, kila akiitwa anaitikia “Anon, anon, sir!” na miguu haiondoki. Ukiwahi kukaa kwenye mgahawa wowote karibu na stendi unamjua kijana huyo. “Presently” lilimaanisha sasa, wakati huuhuu uliopo, nalo likasogea mpaka likawa “baadaye kidogo”. “Directly” lilikuwa moja kwa moja bila kugeuka kushoto wala kulia, na leo huko kusini mwa Marekani mtu akikwambia atakuja “directly” unaweza kuendelea kupika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Binti wa Herodia, baada ya kucheza mbele ya Herode, anadai kichwa cha Yohana Mbatizaji, na tafsiri ile inasema anakitaka “by and by”. Mwingereza wa leo akisoma hapo bila kuelezwa ataona binti hana haraka, kwa sababu kwake “by and by” ni huko mbele, polepole, Mungu akipenda. Lakini mwaka 1611 maneno yale yalikuwa bado na makali. Biblia zetu za Kiswahili zimeipata sawasawa: anataka apewe sasa hivi. Kila nikilisoma fungu lile darasani wanafunzi hunyamaza, maana wanaona kwa macho yao jinsi lugha nzima inavyoweza kuchelewa.

Nasi je? Nenda stendi kuu ya Moshi asubuhi yoyote, upande wa magari ya Arusha. Kosta imeegeshwa, injini inanguruma, dereva ameshika usukani kama mtu aliyekwisha kuchelewa. Bibi mmoja amesimama mlangoni, mkungu wa ndizi miguuni.

“Mwanangu, hili linaondoka saa ngapi?”

“Shikamoo bibi. Sasa hivi tunatoka, ingia tu, bado mtu mmoja.”

Ndani kuna viti sita vitupu. Bibi anaviona. Anainua mkungu, anapanda, anakaa dirishani, anafungua karanga zake. Hakuna aliyedanganywa hapo, na nalisema hilo kwa dhati kwa sababu nimesikia wageni wengi wakiita huo uongo. Konda hakumwambia bibi habari ya dakika. Alimwambia habari ya zamu: gari linalofuata kutoka ni hili, na kati yako na safari hakuna jambo jingine lililobaki isipokuwa viti kujaa. “Sasa hivi” ya stendi inapanga foleni. Inasema kinachofuata ni nini, na inaliacha swali la baada ya muda gani kwa abiria wenyewe.

Hapo ndipo “soon” na “sasa hivi” zinapoachana, na sijaona kamusi inayolisema hili waziwazi. “Soon” inapima umbali wa muda, hata kama kipimo chake kinavutika. “Sasa hivi” yetu mara nyingi inataja mpangilio. Ndiyo maana dada wa mapokezi alipoulizwa “how soon?” hakuwa na namba ya kutoa, sentensi aliyoitafsiri haikuwa na namba ndani yake.

Kuna ndugu yake mwingine, “nakuja”. Mtu anainuka kitini, anakupa mgongo, anatoka mlangoni, na neno analoacha nyuma ni “nakuja”. Kwetu ni kawaida kabisa: kuondoka ni kitu kidogo, kurudi ndiko kunakokuhusu wewe uliyebaki, basi tunataja kurudi. Mwanafunzi wangu mmoja, dereva, alikuwa akiwaambia wageni “I’m coming” huku anashuka garini na kuelekea dukani. Wanabaki wanatazamana. Kiingereza hapo kinataka “I’ll be right back”, nitarudi mara moja. Nilipomwonyesha hivyo alicheka sana, kisha akaiandika kwa peni nyekundu kwenye kava la daftari.

Sasa twende mahali pagumu zaidi, ambapo naomba msomaji anivumilie.

Kiswahili kina maneno ya ukaribu wa wakati yanayoweza kutazama pande zote mbili. “Ametoka sasa hivi” ni jambo lililopita. “Anatoka sasa hivi” ni jambo lijalo. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni kile kiambishi kidogo ndani ya kitenzi, -me- hapa, -na- pale. “Hivi punde” vilevile: tumepata habari hivi punde, tutawaletea habari hivi punde. Na “hivi karibuni”, neno pendwa la magazeti: daraja lilizinduliwa hivi karibuni, daraja litazinduliwa hivi karibuni. Karibu ni jirani, haijali kama jirani anakaa kulia au kushoto. Kitenzi ndicho kinachoonyesha mkono.

Kiingereza hakikubali hivyo. “Soon” inatazama mbele tu, kutoka pale unaposimama. Kwa jambo lililopita wana maneno mengine: “just”, “recently”, “a short while ago”. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kwamba wageni “have left soon”, akimaanisha wametoka sasa hivi, na msomaji wa Kiingereza atakaa akijiuliza wametoka au watatoka. Sentensi aliyoitaka ni “they have just left”. Ukiwa ndani ya hadithi ya zamani unaweza kutumia “soon” na kitenzi cha wakati uliopita, “we soon reached the gate”, lakini hata hapo linatazama mbele kutoka sehemu fulani ya hadithi: tulianza kutembea, na haukupita muda mrefu tukafika getini.

Kosa la pili la namna hiyo ni kulitumia mahali pa “mapema”. Umefika kazini saa kumi na mbili kabla ya wenzako. Wewe umefika “early”, hukufika “soon”. Kuwahi ratiba ni jambo moja, kuwa karibu na sasa ni jambo jingine. Ila, na hapa Kiingereza kinatutesa kidogo, “too soon” hutumika kwa mapema mno, hasa kwa jambo ambalo wakati wake haujaiva: ni mapema mno kusema kama mvua zimekata, “it’s too soon to say”. Hilo nawaambia walikariri hivyohivyo lilivyo, kwa sababu nikianza kueleza tutakesha.

Na majirani zake? Ukitaka kujua lipi uchague, tazama nani anasubiri na unamheshimu kwa kiasi gani. “In a minute” na “in a moment” ni ya nyumbani na ya watu waliozoeana. Usimwambie mgeni aliyelipia safari ya siku sita. “Shortly” limevaa koti: ni la tangazo, la kipaza sauti, la barua ya ofisi, na kwa kawaida linaahidi muda mfupi kidogo kuliko “soon”. Dereva wa watalii akisema “we will be leaving shortly” amesema vizuri na kwa adabu. “Before long” lina utulivu wa mtu anayesimulia, sawa na “haitapita muda”. “Any minute now” ni la mtu anayechungulia dirishani.

Kuna mawili ya kuogopa. “Presently” nimeshalitaja: kwa Mwingereza ni baadaye kidogo, kwa Mmarekani na kwa Mskochi ni kwa sasa, hivi tunavyoongea. “Momentarily” nalo: rubani wa Kimarekani akisema ndege itatua “momentarily” ana maana itatua baada ya muda mfupi, na abiria Mwingereza anaweza kusikia kwamba itatua kwa muda mfupi tu, kama kuku anayeruka uzio. Katika kundi moja la kupanda mlima unaweza kuwa na watu wa nchi nne. Achana na maneno hayo mawili kabisa.

Ongeza na “just now”. Mwingereza akilitumia kwa jambo lililotendeka, limetendeka dakika chache zilizopita. Mtu wa Afrika Kusini akikwambia atakupigia “just now”, anamaanisha baadaye, tena si lazima iwe mapema. Akiwa na haraka zaidi atasema “now now”. Mwongozaji wa Moshi anayewapokea wote hawa anastahili pongezi.

Kwenye barua mambo ni mafupi. “As soon as possible” ni haraka iwezekanavyo, na ukimwandikia mkubwa wako inasikika kama amri. Badala yake wanaandika “at your earliest convenience”, utakapopata nafasi, ingawa wote wawili wanajua jibu linatakiwa wiki hii. “In due course” maana yake ni wakati wake ukifika, na mara nyingi ndani yake kuna ombi la kimyakimya kwamba usiulize tena.

Tukiacha barua, kuna matumizi ambayo “soon” imeacha kuwa neno la muda na kuwa fundo la kuunganisha sentensi, na hapo Kiswahili chetu kinang’aa. “As soon as he arrives” watu hutafsiri “mara tu baada ya yeye kuwasili”, maneno sita ya jasho. Sisi tuna “akifika tu”. Ikiwa imekwisha tokea: “alipofika tu”. Kiambishi kimoja na kile “tu” cha mwisho vinafanya kazi yote. Hali kadhalika “no sooner had she sat down than they called her”: ndio kwanza amekaa, wakamwita. Ile “ndio kwanza” ina pumzi ya mtu aliyekatizwa, na sijui tafsiri ya Kiingereza inayoifikia. “Sooner or later” ni iwe leo iwe kesho. Na mtu akisema “I would sooner walk”, hapo muda umetoka kabisa, amechagua: bora nitembee.

Salamu nazo zina njia zake. “Get well soon” usiitafute neno kwa neno. Mgonjwa wa Kiswahili anaambiwa “ugua pole”, na mimi naona hapo tumewazidi ubinadamu, kwa sababu hatumharakishi mgonjwa apone. Tunamwombea ugonjwa wenyewe uende naye taratibu. “See you soon” ni tutaonana. Sisi hatuoni haja ya kuongeza lini.

Nirudi kwenye neno letu moja ambalo nasikitika tunaliacha liozee kwenye magazeti: punde. Ni fupi, halina ahadi kubwa, na linakaa karibu sana na “soon” ya mambo ya dakika. Siku hizi kila “soon” kwenye tangazo la duka jipya, la filamu, la programu ya simu, inageuzwa kuwa “hivi karibuni”, hata pale ambapo ni kesho kutwa. Kwa kitu cha wiki au miezi, “hivi karibuni” ni sawa. Kwa gari lililobakiza kona mbili, sema punde. Kwa chai iliyo jikoni, sema bado kidogo, maana “bado” inamwonyesha mgeni kwamba kazi imeshaanza. Tofauti hizo ni mali. Tukizitupa, “sasa hivi” itabaki peke yake ikibeba mizigo yote, nayo imeshaanza kupinda mgongo kama “sona” ya wale wa kale. Angalia jinsi tunavyoirudia: mtu akitaka kuaminika siku hizi anasema “sasa hivi sasa hivi”, au “sasa hivi hii hii”. Neno lenye nguvu halihitaji kurudiwa.

Yule mama Mwingereza, gari lilimfika, na ndege aliiwahi. Dada naye akaja kwenye darasa langu Jumatatu iliyofuata, hakuja kusoma nahau, alikuja na swali moja: nimwambieje mgeni bila kumdanganya na bila kumtisha? Tukakaa na simu yake. Nikamwambia ampigie dereva kwanza, amuulize yuko wapi, maana “how soon” haijibiwi kwa sarufi, inajibiwa kwa kujua gari liko wapi. Dereva siku hiyo alikuwa ndio kwanza anatoka Boma Ng’ombe. Dada akafikiri, akahesabu foleni ya kuingia mjini kwa vidole, akaandika taratibu ujumbe kwa mgeni mwingine aliyekuwa anasubiri: “Your car has just left Boma Ng’ombe. It should be here in about forty minutes. Would you like some tea?”

Mgeni akajibu kabla hajaiweka simu mezani. Alitaka chai ya maziwa.